Kilio Changu Ndani ya Sinema ya Kigae

Matema, Jumapili jioni, tarehe 9 Juni

Tusekile mwanangu,

Begi lako limefungwa. Baba yako amelikalia hadi zipu ikakubali. Mchele upo, dagaa wa usipa nimewafunga kwenye mifuko miwili wasinukishe nguo zako, na kakao ya shangazi yako iko chini kabisa. Mambo ya kula, ya kulala na ya kushika mkoba stendi sina la kukufundisha. Dar es Salaam wewe umeshafika, mimi sijafika mpaka leo. Ninachotaka kusema ni kile tunachokikwepa tangu sinema yako ilipoonyeshwa Kyela mjini.

Siipendi sinema yako.

Uliponiuliza siku ile niliporudi, ukiwa umesimama mlangoni na macho yote usoni kwangu, nilikujibu, "Ni nzuri, mwanangu, hongera." Nilikudanganya. Nilivua viatu nikaenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika. Naandika kwa sababu kila nikianza kusema unaangalia simu, na mimi nikikuona unaangalia simu naishia kukuuliza kama umekula.

Wewe unawaambia watu kwamba Kigae, shujaa wako wa barakoa, alikujia tu kichwani. Mimi nilimwona anazaliwa. Ulikuwa darasa la tano. Mvua ilikuwa haikatiki, udongo haukukauka sawasawa, na mtungi mmoja mkubwa ukapasuka motoni. Ukaokota kipande, ukakaa nacho siku nzima ukikitoboa kwa msumari mpaka kikapata matundu mawili, ukakiweka mbele ya uso wako.

"Mama, ungenijua?"

"Ningekujua kwa miguu," nikasema. Vidole vyako vilikuwa vimetawanyika kama vya bata.

Ulicheka mpaka kigae kikakuponyoka. Ulikuwa mchezo tu wakati ule. Mwaka ule ule kaka yako Gwamaka akafa, na baada ya hapo Kigae hakuwa mchezo tena.

Nimeandika jina lake. Najua katika nyumba hii halitajwi, na najua ni nani aliyeanza kutolitaja. Ni mimi.

Kaka yako aliiba. Sitaki kumpamba. Alibeba gunia la kakao ya watu iliyokuwa imeanikwa kule Busale, akakamatwa nalo njiani kuelekea mjini, na kabla jua halijafika utosini alikuwa ameshakufa. Walianza na fimbo, wakaja na mawe, wakamalizia na tairi. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Kama wangemfunga angekuwa ameshatoka zamani, ana watoto, anakusumbua umchoree fulana. Mwenye kakao ile alikuja hapa nyumbani baada ya wiki chache, akakaa kwenye kigoda, akakataa chai. Akasema, "Mama, kakao ilikuwa yangu, lakini mimi sikuwapo." Basi. Akaondoka. Katika watu wote wa bonde hili ni yeye peke yake aliyekuja.

Na huyu mwizi ndiye aliyekuwa akinipakilia vyungu kwenye mtumbwi siku za mnada. Alikuwa akiviweka mdomo chini, katikati anaweka majani ya migomba, na kila kimoja anakigonga kwa kidole akisikiliza kama kina ufa. "Mama, hiki kinaumwa," alikuwa akisema. Ugali wa moto alikuwa akikupulizia wewe kwanza. Alikuwa na mwanya mpana, na alipokunywa uji alipenda kuupitishia pale ili ucheke.

Unajua namna tunavyozika sisi. Mtu akifa analiliwa kwa jina. Mama mmoja anaanza, anamwita marehemu, anataja mwendo wake na mapenzi yake, wengine wanampokea, na kilio kinakwenda naye mpaka kaburini. Hata mlevi analiliwa. Hata mchawi, wakimaliza kumsengenya, wanamlilia. Gwamaka hakuliliwa. Wakubwa wa ukoo walikaa wakasema mwizi haliliwi, vijana wasije wakaona ni heshima. Azikwe asubuhi, kusipikwe kitu, watu watawanyike. Baba yako akakubali kwa aibu. Mimi nikakubali kwa sababu yeye amekubali. Niliiuma kanga yangu mpaka ikatoboka, na wewe ulikuwa umeshika sketi yangu ukiniangalia mdomoni. Nadhani ndipo ulipojifunza kwamba wako watu ambao wakifa mama zao hawalii.

Kisha nikakusanya nguo zake, nikazipeleka kwa dada yangu kule Ikombe, na nikaanza kupika ugali wa watu watatu. Nilifikiri nakukinga. Nilifikiri jina likitoweka ndani, huko nje nako litatoweka. Huko nje halikutoweka. Uliporudi shuleni wakaanza: "Funikeni madaftari, mdogo wake mwizi amekuja!" Hukuniambia. Aliniambia mwalimu wako, miaka mingi baadaye, akidhani ninajua. Ulikuwa unarudi nyumbani, unakula kimya, unachora.

Nami nilikuwa nikiziona picha zako. Kigae amesimama juu ya paa. Kigae anamkata mwizi mkono. Kigae anamburuza mwizi kwa kamba nyuma ya pikipiki, na watu pembeni wanapiga makofi. Ulichora vizuri, hilo silikatai. Moshi wako ulikuwa unanuka. Lakini yule mwizi, mwanangu, kila mara alikuwa na mwanya. Unaweza kuwa hukukusudia. Nilizitazama picha zile nikiwa na udongo mikononi, nikazirudisha mahali pake bila kuzichafua, na nikanyamaza. Mtoto alikuwa akimuua kaka yake kila Jumamosi kwenye karatasi, na mama yake alikuwa anasema, "Washa taa, utaharibu macho."

Hapo ndipo kosa langu lilipo. La kwako ni dogo kuliko hilo. Lakini la kwako nalo nitalisema.

Ulipoanza kuzirusha picha zako kwenye simu na watu wakazipenda, nilifurahi. Walipokuja wale wa sinema kutoka Dar es Salaam na magari mawili, nilifurahi pia. Yule mwongozaji wenu, Fredi, ana adabu. Kila asubuhi alikuwa akiniamkia, "Shikamoo, mama," na mara moja akajaribu salamu yetu, "Ugonile," akakosea mpaka kuku wakageuka. Simchukii kwa tabia. Ninachukia kazi yake, na naichukia kwa utulivu, hivyo usidhani ni hasira ya leo itakayopoa kesho.

Barakoa za Kigae nilizifinyanga mimi. Hilo silisahau.

"Mama, fanya nyembamba zaidi," Fredi aliniambia. "Mwigizaji anatoka jasho."

"Nyembamba itavunjika."

"Ivunjike tu, mama! Ikivunjika ndiyo utamu wenyewe, tunapiga picha inavunjika."

Ndipo nikaelewa kuwa walitaka vitu vya kuvunjwa. Walinunua mitungi ya mfinyanzi mwenzangu Mama Neema yote, ile mikubwa yenye michoro myeupe, wakairundika pale ufukweni, na Kigae akamtupa mtu juu yake. Mama Neema alikuwa ameshalipwa, akasimama amejishika kiuno. "Mimi huwa nauza mtungi nikijua utachota maji," akasema. "Huu wa leo nimeupeleka machinjioni."

Damu yenu ilikuwa uji wa muhogo na rangi ya keki. Mliipika kwenye jiko langu. Ulinionjesha, ukacheka, na kweli ilikuwa tamu. Nikajiambia, basi, ni uji. Nikajiambia hivyo mpaka siku mliyowaita vijana wa hapa kuwa umati.

Unakumbuka mlivyohangaika na wale waigizaji wa mjini? Huyu hajui kukimbia mchangani, yule anaogopa maji. Lakini vijana wetu walipoambiwa wampige mwizi, hakuna aliyewafundisha. Walijipanga wenyewe. Mmoja akaenda nyuma, mmoja akamkata njia, mmoja akaanza kuimba ili wengine wapate mdundo. Fredi akapiga makofi. "Hawa wamezaliwa nacho!" Na yule kijana mwenye fulana ya njano akamshika mwigizaji wenu bega kwa upole kabisa, kama fundi anayemwelekeza mwanafunzi.

"Kaka, siyo hapo," alimwambia. "Ukimpiga hapo anainuka. Goti kwanza. Akishakaa chini, basi, amekwisha."

Mlicheka wote. Kijana huyo anaimba kwaya kanisani kwetu. Umri wake ni umri ambao Gwamaka angekuwa nao. Sikumuuliza alijifunzia wapi. Nilirudi nyumbani, nikafinyanga bakuli likatoka limepinda.

Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya msiba. Mlitaka mazishi ya baba yake Kigae, yule mzee mwema aliyeuawa na majambazi, na mkatuita akina mama wa hapa tulie. Tulikaa kwenye mikeka. Fredi akasema, "Haya mama zangu, kamera ikiwaka, lieni."

Mama Neema akauliza, "Tunamlilia nani?"

"Baba yake Kigae."

"Anaitwa nani?"

Fredi akatazama karatasi zake. Hakuwa na jina. "Mama, lieni tu."

"Kulia tu ni kazi ya mbuzi," Mama Neema akasema, na wanawake wakaangua kicheko. Lakini hakuna aliyelia. Siyo ukaidi. Kwetu ukianza kilio bila jina, unaweza ukamwita aliye hai, na hakuna mama aliyetaka kumwita mtoto wake kwa bahati mbaya kwa ajili ya kamera. Wewe ulijua. Ulimnong'oneza Fredi, naye akarusha mikono juu akasema, "Sawa! Kila mtu amlilie wake. Mwenye nani wake, amlilie huyo."

Mwenye nani wake.

Mama Neema akaanza na mama yake mzazi. Mwingine akamlilia mume, mwingine mapacha wake. Mimi nilidhani nitamlilia bibi yangu, nilikuwa nimeshamwandaa mdomoni. Lilipotoka, lilikuwa jina la Gwamaka. Nikamwita. Nikamwambia arudi, usipa wameungua, mtumbwi unasubiri, nani atanigongea vyungu vyangu? Nilimwambia walimpiga akiwa na njaa, asubuhi ile alitoka bila kula, mimi ndiye niliyechelewesha uji. Sikuona kamera. Wanawake wengine walinyamaza mmoja mmoja, kisha wakanipokea, wakalitaja jina lake pamoja nami, wanawake wale wale ambao siku ya mazishi walipita njia ya juu wasikutane na macho yangu. Miaka yote ile nilikuwa sijalia kwa sauti. Wewe ulikuwa umesimama kando ya kamera na michoro yako kifuani, ukainamisha kichwa.

Nilipomaliza, nilipangusa uso kwa kanga. Fredi akaja akapiga goti mbele yangu. Macho yake yalikuwa mekundu, simnyimi hilo.

"Mama, hicho ni kipaji," akasema. "Tunaomba mara moja tena. Kuna mtu alipita nyuma na ndoo."

Nami nikarudia. Hili ndilo linaloniuma kuliko kupigwa picha. Nilirudia, na machozi yakatoka, maneno yale yale, jina lile lile, na safari ya pili nilikuwa nasikiliza kama sauti yangu iko sawa. Ukitaka ninachokijua kuhusu kazi unayoiendea, ni hicho tu. Kinachotoka mara ya kwanza ni chako. Cha mara ya pili ni chao, na wewe ndiye uliyewapa.

Hatukuzungumza njiani. Ulinibebea mkeka. Ulipofika nyumbani ukasema, "Pole, mama," nikakushukuru, "Ndaga." Nilidhani tumesema.

Sasa Kyela mjini. Nilikwenda na Mama Neema, tukavaa vizuri kama watu wanaokwenda harusini. Kile kibanda umiza cha sinema pale Bondeni kilikuwa kimejaa mpaka vijana wamekaa juu ya mapaja ya wenzao. Walipoona jina lako kwenye pazia walipiga miluzi, nami nikampiga Mama Neema kiwiko, nikasema, "Huyo ni wangu." Usidhani sikujivunia. Nilijivunia mpaka pale Kigae alipomkamata yule kijana mwizi kando ya ziwa.

Mliirefusha sana ile sehemu. Goti kwanza. Kisha mikono. Watu ndani ya kibanda wakasimama. "Piga huyo! Usimwache! Choma!" Kijana mwizi kwenye sinema yenu hana jina, hana anakotoka, anaanza kuwa mtu pale anapoanza kupigwa. Moto ukawaka. Na juu ya moto, mwanangu, nikasikia sauti yangu.

Hamkuiweka kwenye mazishi ya yule mzee mwema. Pale mliweka zumari. Mliichukua sauti yangu mkaiweka kwa mwizi, anaungua nami namwita Gwamaka, na kibanda kizima kinashangilia. Nyuma yangu mtu mzima, baba wa watu, akapaza sauti: "Huyo ni mama yake! Lia, mama! Ungemfunza mwanao usingelia!" Wakacheka. Msichana mmoja akaniigiza, akalivuta jina, "Gwamakaaa," kwa sauti nyembamba, na wengine wakampokea. Walimpokea vizuri. Walipokezana kama inavyotakiwa msibani.

Mama Neema akanishika mkono. "Mama Tuse, twende."

"Nakaa," nikasema.

Nilikaa mpaka mwisho. Nilitaka kuona kama kuna mtu atakayetoka. Hakuna aliyetoka.

Unaniambia sinema imependwa. Nakubali. Mchungaji ameisifu madhabahuni, kwamba inawatisha vijana wasiibe. Kama hofu ingetosha, mwaka ule kaka yako alipochomwa wizi ungekwisha Kyela, na juzi tu wameiba kuku wa mchungaji huyo huyo. Jumamosi iliyopita hapa mnadani kijana mmoja alikuja kwenye vyungu vyangu.

"Mama, nipe sura ya Kigae."

"Nauza vyungu."

"Chungu cha nini, mama, siku hizi watu wana masufuria! Fanya Kigae, utatajirika."

"Kigae kimevunjika."

"Basi nililie kidogo!" akasema, na wenzake wakaanza, "Gwamakaaa." Hawajui ni jina la nani. Wengi wao walikuwa hawajazaliwa. Kwao ni wimbo. Siyo wabaya, walimsaidia hata Mama Neema kuinua mzigo wake. Lakini kila Jumamosi nasikia mwanangu akiitwa na watu wanaocheka, na mwenye kuwafundisha kumwita ni wewe.

Siku ile jioni, nilipogusia vijana wale, ulisema, "Mama, ni sinema tu. Watu wanahitaji shujaa. Polisi hawaji, mahakama inachelewa, mnyonge akiibiwa amkimbilie nani?" Hayo yote ni kweli. Nimeibiwa mimi pia. Mtu aliyeiba nyavu za mjomba wako aliwalaza watoto sita na njaa, na sikumwonea huruma. Silijui jibu lake, na ningelijua nisingekuwa nafinyanga vyungu. Ninachojua ni kwamba nilimtazama shujaa wako kwa saa mbili na hata mara moja hakuuliza, "Wewe ni mtoto wa nani?" Wazee wa zamani hata wakimkamata mtu usiku ndani ya zizi, walianza na swali hilo. Shujaa wako ana barakoa ili yeye asijulikane. Lakini anayefichwa uso hasa ni yule anayepigwa.

Na sasa mnafanya sehemu ya pili. Fredi alinipigia Alhamisi. Alisema wanataka kile kilio kiwe alama ya Kigae, kiwe kinasikika kila anapokaribia kuua, watu wakisikia tu wajue. "Sauti yako ni dhahabu, mama." Nikamwuliza kama wewe umekubali. Akasema, "Tuse hana shida."

Sikukuuliza. Siku tatu nimekuona ukikunja nguo na sikukuuliza, kwa sababu niliogopa utasema kweli.

Kisha jana ukahojiwa redioni. Tulikusikiliza mimi na baba yako jikoni. Alikuwa ameshika redio mkononi kama anayeshika kifaranga. Unajua baba yako hajaitazama sinema. Alisema ana mpunga. Yule mtangazaji alikuuliza wazo la Kigae lilitoka wapi, ukasema vigae vya mama, nikafurahi. Akakuuliza, "Na nyumbani kwenu mko wangapi, dada?" Ukasema, "Niko peke yangu."

Baba yako aliitazama redio. Akaiambia, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemsahihisha mtoto hesabu: "Wawili."

Mimi nilikuwa nakoroga mboga. Sikugeuka, niliogopa nikigeuka ataacha. Akasema tena, "Wako wawili." Akaiweka redio chini ikiwa bado inaongea, akachukua jembe akatoka. Nilidhani amekwenda shambani. Alikwenda kaburini. Amelilimia pembeni, amelitoa majani yote, akarudi na matope mpaka magotini, akaomba maji ya kunywa. Baba yako, aliyekubali mtoto wake azikwe kama mzoga. Nilimpa maji. Tukakaa. Akaniuliza, "Ule uji, ulichelewa kweli?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Hata mimi nilimgombeza asubuhi ile." Hatujawahi kuzungumza maneno mengi hivyo juu yake.

Kwa hiyo nakuomba, na naomba kama mtu anayeomba, siamuru: mwambie Fredi hapana. Kile kilio si cha Kigae. Kilikuwa msiba wa kaka yako, msiba pekee aliopewa, na kilikaa mchangani pale dakika chache kikiwa safi kabla ya ile ndoo. Nakitaka kirudi. Najua sinema iliyokwisha kutoka haitafutika, na vijana wa mnadani wataendelea mpaka wachoke. Lakini kilio kisiwe alama. Asiuawe kila mara kwa sauti yangu.

Kama hutaweza kumwambia, kama watakuambia kazi ni hiyo au rudi kwenu, basi amua mwenyewe. Nitasikia. Mlango hautafungwa, na nikikuuliza kama umekula nitakuwa nauliza kweli. Lakini sitakuambia tena "ni nzuri."

Na mwizi wako wa sehemu ya pili, mchore utakavyo. Mwanya huo usiufute kwa ajili yangu. Mpe tu mtu anayejua jina lake, hata kwa ukurasa mmoja, mtu aliyechelewesha uji. Baada ya hapo Kigae akitaka kumuua, na amuue akijua.

Watu wa mjini watakuuliza tena kwenu mko wangapi. Ni swali la kawaida, watu wanauliza wakiwa wanatafuna. Utaogopa kwamba ukisema wawili, swali la pili litakuwa "yuko wapi?" Litakuwa hilo. Mimi nimelikimbia mpaka nimezeeka, na sikufika popote.

Ukinikumbuka huko uendako, mwanangu, usinikumbuke peke yangu. Nikumbuke nikiwa nanyi wote wawili.

Mama yako.